Mkataba wa mazao kwenye kompyuta: Jina lako ni lipi, rangi yako ni ipi?

Na Mwandishi Wetu

MKULIMA anayeuza viazi hukaa karibu na mizani. Huangalia gunia likipandishwa, husoma kilo, huandika kwenye daftari lake, ndipo gari linaporuhusiwa kuondoka. Kazi hiyo haiachi kwa mtu asiyemjua.

Lakini mkulima huyo huyo, siku mkataba wa kuuza viazi hivyo unapoandaliwa kwenye kompyuta, mara nyingi huwa mbali. Rasimu inatoka kwa mnunuzi, inafika kwa katibu wa kikundi kwa barua pepe, inapelekwa kwa flashi kwenye steshenari ya mjini, inapita kwa wakili, kisha inarudi kwa mnunuzi. Kila anayeishika huongeza neno, hufuta neno au huandika maoni yake pembeni. Mwisho wa safari hiyo linabaki swali moja: nani kaandika nini?

Programu za kuandikia, kama vile Microsoft Word na LibreOffice Writer, zina uwezo wa kulijibu swali hilo. Kila maoni yanayoandikwa pembeni ya waraka, na kila neno linaloongezwa au kufutwa wakati ufuatiliaji wa mabadiliko umewashwa, huwekewa jina la aliyelifanya pamoja na rangi yake. Tatizo ni kwamba wengi wetu hatujawahi kuiambia kompyuta sisi ni nani. Nayo, isipoambiwa, hutumia jina lolote inalolikuta.

Hapa wote tunaitwa User

Tuchukue mfano wa kikundi cha wakulima wa viazi mviringo mkoani Njombe kinachojadiliana na mfanyabiashara wa Dar es Salaam. Rasimu ya kwanza inasema mnunuzi atalipa shilingi 60,000 "kwa kila gunia la kilo 100". Rasimu inaporudi mara ya tatu, imeandikwa "kwa kila gunia". Maneno matatu, "la kilo 100", yamefutwa.

Kwa mtu wa mjini hilo ni jambo dogo. Kwa mkulima wa viazi, hapo ndipo mlango wa lumbesa unapofunguliwa. Gunia likishonewa kilemba likafika kilo 130, bei ya kilo moja inashuka kutoka shilingi 600 hadi shilingi 461 na senti kadhaa. Kikundi kikipakia magunia 200 ya namna hiyo, kilo 6,000 zimeondoka bure. Kwa bei ya shilingi 600, hizo ni shilingi 3,600,000, fedha ambazo zingenunua mbolea ya msimu ujao.

Mwenyekiti anamwita katibu na kumuuliza, "Katibu, nani kafuta kilo hapa?"

Katibu anafungua kompyuta. Mabadiliko yote yana rangi moja nyekundu, na kila anapoweka mshale wa kipanya juu ya neno lililofutwa, linatokea jina lile lile.

"Mzee, siwezi kujua," anajibu. "Hapa wote tunaitwa User."

Hakudanganya. Kompyuta ya kikundi ilinunuliwa ikiwa imetumika, na aliyeweka programu aliandika "User" mahali pa jina. Kompyuta ya steshenari ina "User". Ya karani wa mnunuzi nayo ina "User". Programu haitambui sura za watu wala mashine, inasoma jina tu. Majina yakifanana, watu watatu wanahesabiwa kuwa mtu mmoja na wanapewa rangi moja. Huenda karani ndiye aliyefuta. Huenda pia mchapaji wa steshenari alikosea akifuta kitu kingine. Kikundi hakina namna ya kujua, na mazungumzo yaliyokuwa ya biashara yanageuka kuwa ya kushukiana.

Namna ya kuandika jina lako

Kazi yenyewe haichukui hata dakika mbili. Kwa anayetumia Word ya mwaka 2010 na zilizofuata, bofya "File", kisha "Options", halafu "General". Utaona nafasi mbili: "User name", panapoandikwa jina, na "Initials", panapoandikwa herufi za kifupi. Futa kilichopo, andika chako, bofya "OK".

Kompyuta za zamani bado zipo katika ofisi nyingi za vijijini. Kwa Word ya 2007, bofya kitufe cha duara kilicho kona ya juu kushoto, kisha "Word Options", halafu "Popular". Kwa Word ya 2003 na zilizotangulia, fungua "Tools", kisha "Options", halafu sehemu ya "User Information".

Kuanzia toleo la 2013 kuna jambo moja la kuangalia. Ikiwa mtu ameingia kwenye programu kwa akaunti yake ya Microsoft, jina linalotumika ni la akaunti hiyo, hata kama wewe umeandika lako. Ili jina lako ndilo litumike, weka tiki kwenye kisanduku kilicho chini ya nafasi hizo mbili, chenye maneno "Always use these values regardless of sign in to Office".

Uandike jina gani? Kwa kazi ya kikundi, jina lenye cheo husaidia zaidi kuliko jina tupu, kwa sababu mwakani katibu anaweza kuwa mtu mwingine. Mhasibu aandike jina lake na neno Mhasibu, mwenyekiti vivyo hivyo. Tahajia isibadilike. Ukiandika "Katibu Viazi" leo na "Katibu wa Viazi" kesho, programu itakuhesabu kuwa watu wawili na kukupa rangi mbili.

Unapokuwa steshenari, badilisha jina kabla hujaandika neno la kwanza. Ukibadilisha baadaye, maoni uliyokwisha kuandika yatabaki na jina la zamani. Na ukimaliza, rudisha jina ulilolikuta. Badiliko hilo linagusa programu zote za Office katika mashine ile, hivyo mteja anayekufuata ataandika barua zake kwa jina lako, jambo ambalo si zuri kwake wala kwako.

Je, kama maoni yamekwisha kuandikwa kwa jina lisilo sahihi? Njia nyepesi ni kuyafuta na kuyaandika upya chini ya jina sahihi. Na iko njia nyingine isiyohitaji ufundi wowote: anza kila maoni kwa kutaja cheo chako ndani ya maoni yenyewe, kwa mfano "Katibu: Hapa turudishe kilo 100." Maneno hayo yatasafiri na waraka popote uendako, hata mashine ikikuita User.

Rangi si kitambulisho

Watu wengi wakishaona rangi hudhani wamemjua mwandishi. Utasikia, "Maneno mekundu ni ya mnunuzi, ya buluu ni yetu." Msemo huo una hatari.

Kwa kawaida Word hupanga rangi kwa kufuata mwandishi, chaguo linaloitwa "By author". Hutoa rangi tofauti kwa watu wanane wa kwanza waliogusa waraka. Lakini ni programu inayochagua, si wewe. Huwezi kuiagiza kwamba mhasibu awe kijani daima na wakili awe zambarau. Tena waraka ule ule ukifunguliwa kwenye kompyuta nyingine, rangi zinaweza kubadilishana. Aliyekuwa mwekundu ofisini kwenu anaweza kuwa wa buluu ofisini kwa wakili. Mkizungumza kwa simu na kutajiana rangi, kila mmoja anaweza kuwa anasoma maneno ya mtu mwingine.

Isitoshe, mkataba ukichapwa kwenye printa ya wino mweusi, kama ilivyo katika steshenari nyingi, rangi zote huwa kijivu. Na wapo watu ambao macho yao hayatofautishi nyekundu na kijani. Kwa hiyo mnapojadiliana, tajeni jina na namba ya kipengele, si rangi.

Hata hivyo, rangi zinaweza kukusaidia wewe unayesoma. Katika Word ya 2013 na zilizofuata, bofya "Review", kisha mshale mdogo ulio kwenye kona ya sehemu ya "Tracking", halafu "Advanced Options". Katika matoleo ya 2007 na 2010, bofya mshale ulio chini ya "Track Changes", kisha "Change Tracking Options". Hapo unaweza kuchagua, kwa mfano, kila lililoongezwa liwe la buluu na kila lililofutwa liwe jekundu. Mwenyekiti anayetaka kuwinda maneno yaliyofutwa, kama zile kilo 100, atayaona mara moja.

Ukifanya hivyo kumbuka mambo mawili. Kwanza, rangi hiyo itawahusu watu wote, kwa hiyo haitakuonyesha tena nani ni nani mpaka urudishe "By author". Pili, mpangilio huo ni wa mashine yako tu, hausafiri na waraka. Katika matoleo mapya ya Microsoft 365, rangi ya maoni ya pembeni hupangwa na programu yenyewe kwa kila mwandishi.

LibreOffice na simu

Kwa kikundi kisichotaka gharama ya leseni, ipo LibreOffice, ambayo hutolewa bure. Imetokana na OpenOffice.org, programu ambayo mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliitolea toleo la Kiswahili lililoitwa Jambo OpenOffice.

Katika LibreOffice, jina huandikwa kwa kubofya "Tools", kisha "Options", halafu "User Data" chini ya neno "LibreOffice". Andika jina la kwanza, la ukoo na herufi za kifupi. Ukipaacha patupu, maoni yako yataonekana kuwa ya mtu asiyejulikana. Rangi za maneno yaliyoongezwa na kufutwa hubadilishwa humo humo kwenye "Options", chini ya "LibreOffice Writer", sehemu ya "Changes". Rangi za maoni ya pembeni programu huzipanga yenyewe, kila mwandishi na yake.

Wanaotumia Google Docs kwenye simu wana nafuu kidogo, kwa kuwa jina linatokana na akaunti ya aliyeingia. Lakini simu moja ikitumiwa na watu wanne wa kikundi kwa akaunti ya mtu mmoja, mnarudi pale pale kwa akina User. Na waraka ukiachwa wazi kwa yeyote mwenye kiungo chake, asiyeingia kwa akaunti anaweza kuandika maoni bila jina lake kujulikana. Kwa waraka wa mkataba, waruhusuni watu mnaowajua tu, kila mmoja kwa akaunti yake.

Mabadiliko yasiyoachwa alama

Jina na rangi huonekana pale tu ufuatiliaji wa mabadiliko unapokuwa umewashwa. Mwenye nia mbaya, au msahaulifu, anaweza kuuzima, akafuta "la kilo 100", kisha akauwasha tena. Kinga zipo mbili.

Ya kwanza ni kuufunga ufuatiliaji kwa neno la siri. Katika Word ya 2013 na zilizofuata, bofya "Review", mshale ulio chini ya "Track Changes", kisha "Lock Tracking". Kufuli hili si la chuma, mjuzi anaweza kulikwepa, lakini linamzuia mtu wa kawaida asizime kwa bahati mbaya.

Ya pili ina nguvu zaidi: kila rasimu unayoituma, baki na nakala yake yenye tarehe katika jina la faili. Rasimu ikirudi, bofya "Review", kisha "Compare", uchague nakala yako ya zamani na ile iliyorudi. Programu itazilinganisha neno kwa neno na kukuonyesha kila tofauti, hata ile iliyofanywa kimyakimya. Katika LibreOffice utaikuta kwenye "Edit", "Track Changes", halafu "Compare Document". Kilo 100 zilizofutwa gizani zitaonekana mchana kweupe.

Kabla hujatuma kwa mnunuzi

Jina lililokusaidia ndani ya kikundi linaweza kukuponza nje. Tuseme mhasibu wenu, katika kujadiliana na wenzake, aliandika pembeni ya kipengele cha bei: "Tukibanwa, tushuke hadi 550 kwa kilo." Wote wakakubaliana, waraka ukasafishwa kwa macho tu, ukatumwa. Mnunuzi akifungua, maoni yako pale, na jina la mhasibu juu yake. Hana sababu tena ya kutoa shilingi 600.

Kosa linalowapata wengi ni kuficha maoni wakidhani wameyafuta. Word ikiwekwa kwenye "No Markup", au "Final" katika matoleo ya zamani, maoni na alama hutoweka machoni, lakini zimo ndani ya faili. Anayepokea akibadilisha mwonekano anazisoma zote.

Kusafisha kwa kweli kuna hatua zake. Kwanza tengeneza nakala, nakala ya asili ibaki ofisini ikiwa na maoni yote. Katika nakala ya kutuma, kubali au kataa kila badiliko, kisha kwenye "Review" bofya mshale wa "Delete" na uchague kufuta maoni yote. Baada ya hapo, kwa Word ya 2010 na zilizofuata, bofya "File", "Info", "Check for Issues", halafu "Inspect Document". Programu itakagua na kukuambia kama bado kuna maoni, mabadiliko au majina ya watu.

Usiifanye hatua hiyo ya mwisho kwenye nakala ya asili. Ukiondoa taarifa za watu, majina kwenye mabadiliko na maoni yaliyobaki hugeuka kuwa "Author", na waraka huo utaendelea kufuta majina kila unapohifadhiwa. Ushahidi wenu wa nani alisema nini utakuwa umekwenda na maji.

Hata wakubwa waliumbuka

Asidhani mtu kwamba haya ni ya wanyonge wasiojua kompyuta. Februari 2003, Serikali ya Uingereza ilitoa waraka kuhusu Iraq, na nakala yake ya Word ikawekwa kwenye tovuti ya ofisi ya Waziri Mkuu. Ndani ya faili kulikuwa na kumbukumbu za mara kumi za mwisho waraka ulipohifadhiwa, pamoja na majina ya watumishi walioushika. Majina hayo yakasomwa na dunia nzima.

Oktoba 2005, ripoti ya Umoja wa Mataifa kuhusu mauaji ya Rafik Hariri, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Lebanon, iliwafikia waandishi wa habari ikiwa katika Word. Waliofungua ufuatiliaji wa mabadiliko waliona majina ya vigogo wa Syria yaliyokuwa yameondolewa. Kilichofutwa ndicho kilichotangazwa zaidi. Ikiwa hayo yaliwapata waliokuwa na wataalamu kila chumba, kikundi chenye kompyuta moja kina sababu zaidi ya kuwa makini.

Jina si sahihi

Tusilipe jina hili uzito usio wake. Kama wewe ulivyoweza kuandika jina lako kwa dakika mbili, ndivyo mtu mwingine anavyoweza kuandika lako. Tarehe na saa ya maoni nazo hutoka kwenye saa ya kompyuta. Mashine ya zamani ambayo betri yake ya ndani imekufa huweza kuandika mwaka ambao hata kikundi hakikuwepo.

Nchini Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu kumbukumbu za kielektroniki kupokewa kama ushahidi, lakini uzito wake hupimwa kwa kuangalia jinsi zilivyotengenezwa, zilivyotunzwa na jinsi mwandishi wake alivyotambuliwa. Maoni ya "User" kwenye mashine inayotumiwa na watu hamsini kwa siku hayawezi kuwa na uzito mkubwa. Maoni yenye jina na cheo, katika rasimu iliyotumwa kwa barua pepe yenye tarehe, na makubaliano yake yakaandikwa kwenye muhtasari wa kikao uliosainiwa, ni jambo jingine kabisa.

Kwa hiyo mambo ya kukumbuka ni machache. Andika jina lako kabla ya kuandika maoni. Amini jina na namba ya kipengele, usiamini rangi. Tunza kila rasimu na uilinganishe na inayorudi. Safisha nakala ya kutuma, usisafishe ya kutunza. Na kabla ya kalamu kugusa karatasi ya mwisho, mtu mmoja wa kikundi asome mkataba wote kwa sauti, wengine wakisikiliza, kama mnavyosimama wote kwenye mizani. Wakifika kwenye neno "gunia", waulize: la kilo ngapi?